Hila ya Lola

Mie si mtu wa kusingizia watu. Nasema mapema, kwa sababu nikishamaliza khabari hii mtasema Bi Kheiria ana dhana mbaya, na nataka ijulikane kwamba dhana yangu ilikuwa na sababu, tena si moja. Nitaisimulia kama ilivyotokea, nisijipendelee.

Nna mjukuu mmoja wa kike, Aliya, mtoto wa mwanangu Sleyum. Tunakaa pamoja Azaiba, hapa Maskat, nyuma ya yale maduka ya barabara kuu. Sleyum anafanya kazi kiwandani Rusayl, hutoka mapema kabla ya jua kali. Mkewe Ruba ni Mwarabu wa hapahapa, binti mwema, Kiswahili chake ni "karibu" na "chai tayari", naye yuko wizarani mpaka alasiri. Kwa hivyo kutwa nyumbani tunabaki watatu: mie, Aliya, na Rowena, yaya wa Kifilipino aliyekuja mtoto akiwa na miezi minne. Aliya humwita Ate, maana yake dada. Hilo Rowena alitwambia siku ya kwanza, na Kifilipino changu kikaishia hapo.

Aliya alitimia miaka mitatu na nusu hajawa msemaji. Yaani anasema, lakini neno mojamoja. "Bibi." "Maji." "Sitaki." Kiarabu chake hivyohivyo. Sasa mie nimeondoka Unguja nna miaka kumi na minne, nimekaa Maskat zaidi ya nusu karne, na Kiswahili sijakiacha hata siku moja. Wanangu wote wanne nimewalea nacho. Nilichokuwa nakitaka kwa mtoto huyu ni sentensi moja tu ya Kiswahili, ndefu, yenye kichwa na mkia, anitazame usoni aniambie. Nilikuwa nalala na hamu hiyo na kuamka nayo.

Sleyum akatupeleka naye, mie na Ruba, Khuwair ya Kusini kwa Balqis, mtaalamu wa watoto waliochelewa kusema. Balqis ni mtoto wa watu wetu, bibi yake tulisoma chuo kimoja Malindi. Akampa Ruba daftari lenye safu tatu: Kiswahili, Kiarabu, Kifilipino.

"Msiniandikie maneno," akasema. "Niandikieni sentensi yenye sentensi nyingine ndani yake. Si 'mtoto analia' tu. 'Mtoto aliyeanguka analia.' Hiyo 'aliye' ndiyo ninayoitafuta. Mtoto akishaweza hiyo, akili yake imeshajua kuunga. Na mkiweza, mrekodini kwenye simu, maana hapa kwangu hafungui mdomo."

Kisha akanigeukia mie. "Bi Kheiria, wewe kutwa unamwambia nini?"

"Namwambia njoo, kaa, kula, usiguse. Anachoambiwa mtoto."

"Na Rowena?"

"Huyo hanyamazi. Anamsimulia hata vitunguu anavyovimenya."

"Basi," akasema Balqis, akaandika kitu chake.

"Basi nini?" nikamwuliza, akafunika kalamu yake. Nikajua nimetukanwa kwa adabu.

Wiki mbili zikapita. Safu ya Kiswahili nyeupe. Ya Kiarabu ina mistari miwili. Ya Kifilipino imejaa mpaka ukingoni, yote kwa mwandiko wa Rowena, na hakuna mtu ndani ya nyumba anayeweza kuisoma. Ndipo nilipoanza kujiuliza. Anaandika nini huyu? Anamfundisha mtoto wetu kusema nini, kwa lugha ambayo baba yake, mama yake na bibi yake hatuijui? Nikiingia jikoni wananyamaza. Nikitoka wanaendelea. Na jina moja likawa linajirudia, kwa mtoto na kwa yaya, jikoni, chooni, kwenye simu: Lola. Rowena akizungumza na simu yake, Aliya anakimbilia kuchungulia kioo na kupunga mkono, "Lola! Lola!" Mie nikikaribia, simu inazimwa.

Nikaanza kuchunguza. Siku moja nilikuta vikombe viwili vya chai vimeoshwa na mie sikunywa. Siku nyingine nilisikia mlango wa uani ukilia mchana nilipokuwa nimejinyoosha. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtu unayemshuku humwulizi, unamtega.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, Sleyum na Ruba wametoka, Aliya alikuwa amekaa mapajani mwa Rowena wanasemezana lugha yao, mikono shingoni. Nikamwita aje chumbani kwangu tusome alif. Hakuja. Nikamwita tena, akaficha uso kifuani mwa yule, akashikilia nguo yake. Nikaenda nikamchukua mwenyewe. Alilia, watoto hulia, hata alif haikusomeka, nikamwachia arudi. Kisha nikalala. Kwa hivyo tangu saa nane mpaka saa kumi wale wawili walikuwa peke yao, na hilo nililishika sana baadaye.

Saa kumi Sleyum na Ruba waliporudi, Ruba akaona mtoto hautumii mkono wa kushoto. Umelegea tu ubavuni, ukiugusa anapiga ukelele. Tukaenda hospitali sote, Rowena nyuma ya gari kampakata. Daktari akaushika mkono, akauzungusha kidogo, kiwiko kikalia tak, na mtoto akanyamaza hapohapo. Kisha daktari akatutazama mmoja mmoja.

"Kiwiko kilikuwa kimechomoka," akasema kwa Kiarabu. "Hii haitokani na kuanguka. Mtu mzima kamvuta mtoto huyu mkono kwa nguvu. Nani?"

Ruba akamtazama Sleyum. Mie nikamtazama Rowena, na Rowena akainamisha kichwa. Akauliza Sleyum, "Rowena, unajua?" Akasema, "Sijui, baba," na macho yake hayakutoka sakafuni. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilimkuta Aliya ukumbini anamburuta mwanasesere wake kwa mkono mmoja juu ya zulia, anaimba. Nikasimama nyuma ya pazia nikasikiliza. "Hila nang hila si Lola. Hila nang hila si Lola."

Wallahi, nilisikia sawasawa. Hila. Neno letu hilo, la Kiswahili na la Kiarabu, mtoto asiyejua hata kuomba maziwa kwa sentensi kalipata wapi? Hila na hila, Lola. Nikaona yote kwa mpigo mmoja: kuna mwanamke anaitwa Lola, anaingia nyumbani kwangu kwa mlango wa uani mie nikilala, anakunywa chai kwenye vikombe vyangu, na ndiye aliyemvuta mtoto mkono. Na Rowena anamficha.

Nikachukua simu nikakaa naye. "Aliya," nikamwambia, nikauonyesha ule mkono. "Mkono. Nani?" Akanitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mtoto yule akaniambia mie kitu kirefu. Sasa nakijua kwa ghaibu, wakati ule nilikirekodi tu: "Si Lola yung humila sa kamay ko kasi ayaw kong bumitaw kay Ate." Akavuta pumzi, akarudi kwa mwanasesere wake. Kirefu hicho chote, na hakuna hata neno moja langu ndani yake. Iliniuma, nisiseme uwongo.

Jumapili nikaenda saluni ya barabarani kuoshwa nywele, nikamwuliza Pauline, binti wa Kikenya anayeniosha. Wafilipino wenyewe wa pale walikuwa likizo.

"Lola?" akasema Pauline. "Hilo ni jina la mtu, Mama. Tuko na mteja mmoja Mfilipino anaitwa hivyo, huja kutengenezwa kucha. Huwa anatoka hukuhuku Azaiba."

"Hukuhuku wapi?"

"Kwake sikujui, Mama. Lakini huja kwa miguu, kwa hivyo si mbali."

Sikungoja nywele zikauke. Jioni, Sleyum alipovua viatu tu, nikamweleza yote: jina, vikombe, mlango, neno hila, mtoto alivyosema. Nikamwambia mtu anayeingiza watu nyumbani kwa siri na mtoto akaumizwa, hana siku nyingine ya kukaa.

"Mama, una hakika?" akaniuliza.

"Nna hakika."

Mwanangu hajawahi kunikatalia. Akatafuta safari ya kumrudisha Rowena kwao, ikapatikana ya Alkhamisi. Ruba akalia chumbani mlango umefungwa, akaniambia kwa Kiarabu kwamba haamini, nikamwambia mama wa mtoto ndiye wa mwisho kuamini. Rowena alipoambiwa alisema, "Sawa, baba." Hakuuliza sababu. Asiye na kosa huuliza, nikasema moyoni, nikaona nimepata ushahidi wa mwisho.

Jumanne ilikuwa zamu yetu kwa Balqis. Tulikwenda mie na Sleyum na mtoto, Ruba alikuwa kazini. Simu nilikuwa nimeishika mkononi tangu nyumbani. Nilitaka isikilizwe na mtu mwenye kuijua lugha ile, mbele ya mwanangu, jina la Lola litoke hadharani na lile jambo liishe.

Balqis akampeleka Aliya kwenye chumba cha michezo, kisha akamwita mwenzake, mama mmoja wa Kifilipino anayewafanyisha watoto mazoezi. Nikaifungulia ile sauti. Yule mama akatabasamu. Akaomba aisikie tena, na safari hii tabasamu likamtoka. Wakasemezana na Balqis kwa Kiingereza, mie natazama midomo yao.

Balqis akanigeukia, uso umemng'aa. "Bi Kheiria, mashaallah. Mtoto huyu hana ila. Hapa ndani mna 'ambaye', tena mna 'kwa sababu', na ndani ya hiyo 'kwa sababu' mna jengine. Watoto wengi wa umri wake hawajafika hapa. Hakuchelewa kusema. Anasema anakosemeshwa."

"Alhamdulillahi," nikasema, ijapokuwa neno lile la mwisho lilinichoma. "Lakini inasema nini?"

Akasita. "Kwanza niambie, Lola ni nani hapo nyumbani?"

"Hilo ndilo nililolijia. Mwanamke gani huyo Lola?"

Yule mama wa Kifilipino hakujua Kiswahili lakini jina alilisikia. Akaniwekea mkono begani kwa upole, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake, akasema, "Lola." Akagusa ushungi wangu pale nywele nyeupe zilipochungulia. "Lola."

"Lola ni bibi," akasema Balqis. "Si jina. Mama wa baba, mama wa mama, wote ni lola."

Nikamwona Sleyum anakaa vizuri kwenye kiti.

"Na hila?" nikauliza. "Alikuwa anaimba hila na hila."

"Hila kwao ni kuvuta. Hila nang hila si Lola, Bibi anavuta na kuvuta." Akaitazama simu, si mie. "Na hii ndefu inasema: ni Bibi alovuta mkono wangu, kwa sababu sikutaka kumwachia Ate."

Chumba cha pili Aliya alikuwa anacheka peke yake na vibao vyake.

Balqis ana adabu ya kwao, hakutaka nianguke mbele ya mwanangu. Akashusha sauti. "Lakini Bi Kheiria, lazima niseme na hili. Lugha yao, mwenzangu kanieleza, ina mtego wake. Humila ni aliyevuta. Hinila ni aliyevutwa. Neno lilelile, hubadilika hapa mwanzoni tu, na watoto wa kulekule huzichanganya. Wanajua kuunga sentensi, lakini nani katenda na nani katendwa huwateleza. Kwa hivyo mie siwezi kula kiapo kwamba hakukosea."

"Yaani huenda alitaka kusema Bibi ndiye aliyevutwa?" akauliza Sleyum haraka.

"Huenda. Sijui nani alimvuta nani siku hiyo. Anayejua ni aliyekuwapo."

Tukamchukua Aliya tukaondoka. Karibu na nyumbani Sleyum akatia gari pembeni, mbele ya duka la mikate, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "Balqis kasema huenda mtoto kakosea."

Hakunitazama. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, mwanangu, na mie nilikuwa nataka kutoka. Sitaficha. Nilijiambia mtoto wa miaka mitatu na nusu anajua nini, lugha yenyewe ya mitego, wenyewe wanaikosea. Nilijiambia Rowena hata hivyo amezowea mno nyumba yangu. Siku mbili tu, Alkhamisi ataondoka, na Aliya atabaki na mie kutwa nzima, na Kiswahili kitakuja chenyewe. Ningenyamaza tu. Kunyamaza si kusema uwongo.

Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa unajua. Tangu pale kwa Balqis ulikuwa unakumbuka, bila ya ruhusa yangu, jinsi kile kimkono kilivyokuwa kimenyooka mpaka mwisho, cha pili kimeshikilia nguo ya Rowena na hicho nimekishika mie, na nikavuta. Nilivuta kwa hasira. Nilikuwa na wivu, na huo ndio ukweli wake, wivu wa mtu mzima wa miaka sabini kwa mtoto asiyemtaka. Na mbele ya daktari nilimtazama Rowena mwanzo, kabla mtu yeyote hajanitazama mie. Nyani haoni kundule, na mie methali hiyo nimewaambia wanangu maisha yao yote.

"Twende nyumbani," nikamwambia Sleyum.

Rowena alikuwa chumbani kwake, sanduku limefunguliwa kitandani, anakunja nguo. Aliya alinipita mbio akapanda akakaa ndani ya sanduku, juu ya nguo zilizokunjwa, kama kwamba na yeye ni wa kufungwa humo. Simu ya Rowena ilikuwa imeegemezwa kwenye mto, na kwenye kioo alikuwamo bibi kizee mwenye kanga, au kitu kama kanga, na kitoto cha kike kimeegemea bega lake. "Lola!" Aliya akampungia. Bibi yule akapunga. Rowena aliponiona akanyoosha mkono aizime.

"Iwache," nikamwambia. "Ni mama yako huyo?"

"Naam, mama. Na binti yangu."

Miaka mitatu ile sijapata kumwuliza kama ana mtoto. Nikamwuliza jambo jengine, kwa Kiarabu chepesi ili anielewe: "Ulituona siku ile. Kwa nini hukusema?"

Akaendelea kukunja nguo moja ileile. "Wewe bibi yake," akasema. "Mie yaya. Nikisema, nani ataamini?"

Nikakaa chini. Magoti yangu hayapendi sakafu, na Sleyum alikuja kunishika nikamzuia. Uso wangu ukawa sawa na uso wa Aliya. Nikauchukua ule mkono wa kushoto, polepole, mtoto akauvuta nyuma kidogo, na hilo liliniingia zaidi kuliko maneno yote ya Balqis. Nikaungoja. Baadaye akaniachia niushike.

Kumwambia njoo na kaa nilikuwa nakujua. Hili lililobaki sikujua linaanzia wapi.

"Aliya," nikasema, "mie ndiye niliyekuvuta mkono. Si Ate. Mie ndiye niliyekuvuta, kwa sababu nilitaka unipende mie peke yangu. Nisamehe."

Akanitazama, anasogeza midomo bila ya sauti, nilivyowahi kumwona akifanya jikoni na Rowena. Nilidhani atarudia nilivyosema, kama kasuku. Hakurudia. Alibadilisha. Alichukua sentensi yangu akaigeuza upande wake, polepole, neno kwa neno, asikosee nani katenda na nani katendwa.

"Bibi ndiye aliyenivuta mkono," akasema.

Kiswahili safi. Kichwa na mkia, na "aliye" ipo palepale Balqis alipotaka iwepo. Nilikuwa nimeingoja miaka mitatu na nusu, na nilitoa machozi, na sikuweza kusema kwa mtu pale ni machozi ya nini.

Nikamwomba Sleyum aniletee daftari. Nikatafuta ukurasa, safu ya Kiswahili, ile nyeupe. Nikaiandika ile sentensi kwa mkono wangu, na chini yake tarehe, na jina la aliyeisema. Kisha nikamrudishia mwanangu, nikamwambia aisome kwa sauti kubwa mkewe akirudi, amfasirie kwa Kiarabu, halafu apige simu kuvunja ile safari ya Alkhamisi.